UCHANGANUZI: Bunduki fupi yaanika pengo la sajili ya silaha Eastlands

WAKAZI wa Kayole, Dandora na Umoja hawahitaji kufunzwa tofauti kati ya bunduki ndefu na fupi. Ndefu huiona begani mwa polisi wanaoshika doria. Fupi huijua siku inapochomolewa chini ya koti ndani ya matatu, au mbele ya duka la M-Pesa wakati wa kufunga hesabu za jioni. Vijana wa mitaa hiyo huiita ‘mguu wa kuku’.

Urefu ndio kiini cha suala hili. Bunduki aina ya G3, ambayo polisi wa Kenya wameitumia kwa miongo mingi, hupita mita moja. AK-47 nayo hukaribia sentimita 90. Silaha ya kimo hicho haifichiki kwa urahisi katika msongamano wa Barabara ya Jogoo. Ndiyo maana mhalifu wa mjini hutafuta bastola, silaha ya kujitengenezea au bunduki iliyokatwa mtutu.

Nchini Marekani, ufupi wa mtutu umewekewa sheria tangu 1934. Raia anayetaka bunduki ya rifle yenye mtutu usiofika inchi 16, yaani takriban sentimita 40, sharti aisajili kwa serikali kuu. Ada ya Dola 200 iliyotozwa tangu wakati huo iliondolewa kwa bunduki hizo Januari 2026, lakini usajili ukabaki. Huko, mnunuzi hulinganisha aina za bunduki kwa utulivu kabla ya kuamua ipi itamfaa.

Nchini Kenya, mlango huo ni mwembamba mno. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka raia awe na cheti na atoe sababu ya kuridhisha ya kumiliki bunduki. Mlevi wa kupindukia au mtu asiye na akili timamu hapaswi kukipata. Bunduki rashasha ni marufuku kwa raia. Aidha, Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004 inayataka mataifa wanachama yapige marufuku kabisa umiliki wa raia wa rifle za rashasha na hata zile zinazojipakia risasi zenyewe.

Serikali imejaribu kukaza kamba. Desemba 2018, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang’i, aliwapa raia wote wenye leseni siku 90 wajitokeze kuhakikiwa upya. Miaka miwili awali, Novemba 2016, silaha haramu 5,250 ziliteketezwa Ngong mbele ya William Ruto, wakati huo akiwa Naibu Rais.

Kinaya ni kwamba uhakiki humwita aliyekwisha kujiandikisha. Jambazi anayekodi bastola kwa usiku mmoja hakuomba leseni, wala hatapanga foleni ili aipoteze. Bunduki inayomtisha abiria wa Kayole haimo katika sajili inayopigwa msasa.

Hasara yake haiishii kwenye wizi. Mara nyingi, mshukiwa anapouawa kwa risasi Eastlands, taarifa ya polisi hutaja bastola iliyopatikana kando ya mwili wake. Familia nayo hukana kwamba kijana wao alimiliki silaha. Ikiwa bastola hiyo haina nambari wala historia, mzozo huo hukosa mwamuzi. Mama hubaki na kaburi, polisi hubaki na taarifa yao, na jirani huchagua wa kumwamini.

Itifaki ya Nairobi ilikwisha kuonyesha njia. Inataka silaha zitiwe alama zinapoundwa na zinapoingizwa nchini, na zile zilizo mikononi mwa serikali ziorodheshwe na kutiwa alama pia. Kipengele hicho ni muhimu, kwa kuwa bunduki haramu huweza kutoka hata katika ghala halali.

Kwa hivyo, kipimo cha sajili kisiwe wingi wa kadi zilizotolewa kwa wenye leseni. Kila bunduki inayonaswa mitaani ichunguzwe na mtaalamu wa silaha, itajwe ilikotoka na ilishawahi kutumika wapi, kisha matokeo yawekwe wazi. Hadi hilo litendeke, mkazi wa Eastlands ataendelea kuhofia bunduki mbili: iliyofichwa chini ya koti, na ile itakayodaiwa kuwa yake baada ya kufa.