Umeme mdogo Kirumba: si kila mara tatizo ni bwawa

ANAYEUZA dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, hana haja kubwa na umeme. Jua humkaushia bure. Anayeumia umeme unaposhuka jioni ni mwenye friza ya sato au mashine ya barafu. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 190, mota hubaki na takriban theluthi mbili tu ya nguvu yake ya kuanzia. Huguna, huchemka na hatimaye huungua.

Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme katika gridi mwaka 2024. Lakini megawati ni jambo moja, volti zinazofika dukani ni jingine. Nyingi hupotea kwenye waya mwembamba unaotoka transfoma ya mtaa hadi kibanda cha mwisho.

Transfoma hiyo huwa na swichi ndogo ambayo wateja wengi hawaijui. Hubadili idadi ya mizunguko ya waya upande wa umeme mkubwa, wa volti 11,000 au 33,000, kwa kawaida kwa hatua za asilimia 2.5 hadi kufikia 5. Mizunguko ikipungua huko, volti za mteja hupanda. Swichi huwekwa upande huo kwa sababu mkondo wake ni mdogo. Nayo mizunguko inayoondolewa huwa katikati ya koili, si mwishoni, ili shoti ikitokea koili isisukumwe upande mmoja ikavunjika.

Hata hivyo, asilimia 5 ya volti 230 ni volti 11 na nusu tu. Mwenye 190 atapata kama 200, huku jirani wa transfoma akipata zaidi ya 240 usiku wa manane, na balbu zake zitakufa mapema. Tena swichi hiyo hugeuzwa umeme ukiwa umezimwa. Haiwezi kufuata saa.

Hivyo anayekwenda TANESCO kulalamika afike na vipimo vya saa mbili usiku na vya saa tisa usiku. Vikiwa chini nyakati zote mbili, swichi yaweza kutosha. Vikipishana sana, kinachohitajika ni waya mnene au transfoma ya pili, na wenye friza wana sababu ya kuidai kwa pamoja. Kila mmoja akinunua stabilaiza yake, stabilaiza hizo huvuta mkondo zaidi kwenye waya uleule, na asiyekuwa nayo hushushiwa volti zaidi.