Ngoma Ikipasuka, Twende kwa Fundi



Mimi ni mhazini wa kwaya katika kigango kimoja kwenye miteremko ya Mlima Meru. Februari mwaka jana tuliagiza ngoma tatu kwa fundi mmoja wa mjini Arusha: kubwa, ya kati na ndogo. Tulipatana shilingi 450,000, tukatanguliza 300,000. Jumamosi Kuu ngoma zilikuwa kanisani zinang'aa vanishi, na Utukufu wa mkesha ule uliimbwa kwa shangwe.

Masika yalipokolea, sauti za ngoma zikafifia. Baadhi yetu wakaanza kumlaumu fundi. Hapo walimwonea. Ngozi ya ng'ombe hunyonya unyevu wa hewa na kulegea. Ndiyo maana wazee wetu huanika ngoma juani au kuipasha moto kabla ya kuipiga. Tulizianika, zikalia tena.

Mwezi wa nane mambo yakawa mengine. Ngoma kubwa ilipasuka kutoka mdomoni hadi katikati ya tumbo. Tulipokwangua vanishi, tukakuta ndani ya ufa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao. Maana yake ufa ulikuwapo kabla ya Pasaka. Fundi aliuona, akauziba, akapaka vanishi juu yake, akatukabidhi.

Kwaya ikagawanyika makundi matatu. La kwanza lilisema, "Tumwachie Mungu, sisi ni Wakristo." La pili lilitaka picha ya ngoma irushwe kwenye makundi ya WhatsApp ya kwaya zote za dekania, fundi akome. La tatu lilisema tusimlipe shilingi 150,000 zilizobaki, na habari iishe. Naamini makundi yote matatu yalikosea, na ndiyo sababu naandika.

Anayesema tumwachie Mungu anadhani kunyamaza ni upendo. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki, inapofafanua Amri ya Saba katika namba 2409, inaitaja kazi iliyofanywa vibaya pamoja na rushwa na ukwepaji kodi. Basi kazi mbovu inayofichwa ni jambo la dhamiri ya fundi. Tukinyamaza, tunamwacha aendelee kuwauzia wengine, na yeye mwenyewe tunamwacha katika kosa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini gundi chini ya vanishi si kuziba ufa.

Anayetaka kurusha picha ameruka hatua. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 18, Bwana ameweka utaratibu: kwanza mwendee ndugu yako ninyi wawili tu, asiposikia, chukua shahidi mmoja au wawili, kisha ndipo Kanisa liambiwe. Simu imetuzoesha kuanzia mwisho. Fundi anaishi kwa jina lake, na jina likishachafuliwa halikwanguliwi kama vanishi.

Na anayetaka kuzuia fedha zote ajiulize: ngoma mbili zinazolia vizuri alizichonga nani? Waraka wa Yakobo, sura ya 5, unatuonya kwamba ujira uliozuiliwa unalia mbele za Mungu. Kudai haki yetu hakutupi ruhusa ya kula jasho la mwenzetu.

Basi tulikwenda, mama mwenyekiti na mimi. Fundi alimwamkia shikamoo, akatupa viti. Tulimwonyesha ule ufa na ile gundi. Hakukana. Alisema, "Mama, niliwaambia gogo ni bichi, nikaomba miezi minne. Mkasema Pasaka haisubiri."

Ilikuwa kweli. Gogo bichi likikauka husinyaa, na husinyaa zaidi kwa kufuata mzunguko wake kuliko kuelekea kwenye kiini. Mvutano huo ndio unaolipasua. Fundi mzuri huliacha kivulini likauke polepole. Sisi tulimpa wiki sita. Lakini mama mwenyekiti alimjibu kwa upole, "Mwanangu, haraka ilikuwa yetu. Kuficha kulikuwa kwako." Fundi akainamisha kichwa.

Tulikubaliana hivi: fundi atachonga ngoma kubwa upya bila kudai ujira, sisi tutanunua gogo, na ngozi iliyopo itatumika tena. Zile 150,000 tukamlipa siku ileile. Safari hii tuliandika: aina ya mti, muda wa kukausha, tarehe ya kukabidhi, na nani atabeba hasara ikipasuka tena. Sheria ya Mikataba ya nchi yetu, Sura ya 345, inatambua hata mapatano ya mdomo, ila kuyathibitisha ni kazi ngumu. Karatasi moja yenye sahihi mbili inalinda urafiki kuliko kuaminiana kwa midomo.

Nawageukia ninyi waseminari. Kesho mtakuwa maparoko, nanyi mtaagiza mabenchi, madirisha, altare na ngoma. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Liturujia ya mwaka 1963, namba 120, uliruhusu vyombo vingine vya muziki mbali na kinanda cha mabomba, mradi vifae kwa matumizi matakatifu na viendane na heshima ya hekalu. Kufaa huko kunaanzia kwenye karakana, katika bei ya haki na muda wa kutosha. Msimbane fundi kwa sababu ya sikukuu, kisha mkamlaani ngoma ikipasuka. Wala msimwonee aibu kumwambia ukweli kwa kuwa ni muumini wenu. Fedha mnayomlipa ni sadaka ya bibi aliyeuza ndizi sokoni Tengeru. Yeye naye ana haki yake katika ngoma ile.

Gogo jipya la mringaringa sasa liko kivulini, ncha zake zimepakwa rangi ya mafuta ili lisikauke kwa pupa. Kila nikishuka mjini napita kulitazama, na fundi hunikaribisha. Kwa sasa tunaimba na ngoma mbili. Tutasubiri.