Spika Niliibeba, Koti Nililiacha

Wenzangu, msimu wa kupanga safari za Disemba umefika tena. Kwenye makundi yetu ya simu watu wanaulizana: nani anapanda Kilimanjaro Siku ya Uhuru? Kabla hujatoa bumu lako, naomba dakika chache. Mimi nilikwenda. Kileleni sikufika, na sababu ilikuwa begi langu, wala siyo miguu.

Natoka Nyarubungo, Biharamulo. Kwetu mlima wa theluji tunauona kwenye noti na kalenda. Nilipoaga nyumbani, baba alinipa koti lake zito la zamani, la enzi akiwa mlinzi wa usiku. Akaniambia, "Mwanangu, baridi haipigwi kwa nguo moja nene. Ya kwanza ishike mwili, ya pili itunze joto, ya tatu izuie upepo." Nikaitikia, "Sawa baba." Moyoni nilikuwa najiuliza nitapigaje picha na koti la mlinzi.

Tulipofika Moshi, mizigo ikapimwa. Tulikuwa tumeambiwa kila mmoja asizidishe kilo 15. Langu likasoma 17. Sasa hapo nikafanya uamuzi ambao hadi leo unanisumbua: nikatoa koti la baba, nikabakiza spika, jinzi mbili na sweta jipya la pamba lenye nembo ya chuo.

Pamba ni nguo nzuri darasani. Mlimani inanyonya maji, inakataa kukauka, halafu inakunyonya joto. Siku ya pili, kabla ya Horombo, mita 3,720, mvua ikatunyeshea. Jinzi ikawa kama zege. Tulipofika Kibo nilikuwa bado na unyevunyevu, na safari ya kileleni inaanza usiku wa manane. Huko juu baridi inaweza kushuka chini ya nyuzi 10 hasi, na hewa ya oksijeni unayovuta kileleni, mita 5,895, ni karibu nusu ya ile ya pwani. Mwili unaotetemeka unatumia nguvu ambazo huna.

Mpagazi aliyebeba begi langu aliniona. Wenyewe wanaitana wagumu. Akavua sweta lake la sufu, akanipa. Nilikataa kwa mdomo, mikono ikapokea. Nilipanda nalo mpaka pango la Hans Meyer, vidole havina hisia, kiongozi akanirudisha. Niliporudi Kibo nilimkuta yule kaka amekaa karibu na jiko, amejifunika gunia la kubebea vyombo. Spika yangu ilikuwa kwenye begi, aliipandisha yeye kwa kichwa na shingo yake. Hatukuiwasha hata mara moja.

Ndiyo maana nasema kufungasha siyo suala la mitindo wala la fedha pekee. Kila kitu unachobeba bila sababu kuna shingo inayokilipia, na kila nguo unayoiacha kuna mtu atakayeilipia kwa baridi yake.

Najua wengi wanaogopa ile orodha ya vifaa ya watalii, yenye majina ya kizungu na bei za kizungu. Jamani, msiogope. Nguo ya ndani ya kubana isiyo ya pamba, sweta la sufu au la manyoya laini, na koti la kuzuia mvua na upepo: vyote vinapatikana kwenye mitumba. Soko la Memorial pale Moshi linajulikana kwa hilo. Ongeza mzula, glovu nene, soksi za sufu jozi tatu, tochi ya kichwani na betri za akiba. Begi la kulalia na fimbo kodi Moshi, usinunue. Viatu ndivyo usivyozoea ukiwa mlimani: vivae wiki kadhaa kabla, hata ukienda kwenye kipindi. Chupa ya maji igeuze kichwa chini usiku wa kileleni, maana barafu huanzia juu. Simu iweke mfuko wa ndani, baridi inaua betri.

Kwa serikali ya wanafunzi nina ombi. Tuanzishe stoo ya pamoja. Kila anayerudi mlimani aache kitu kimoja, anayekwenda akiazime kwa daftari. Kuna watakaosema tuna shida za hosteli na mikopo, mlima ni anasa. Nakubali shida zipo. Lakini safari tunaziandaa kila mwaka kwa jina la chuo, na mwenzetu akipatwa na baridi kali kule juu hatutasema ilikuwa anasa yake. Stoo haihitaji bajeti kubwa, inahitaji kabati na mtu mwaminifu.

La pili: kabla ya kulipia safari, kamati iulize wapagazi wanalala wapi, wanavaa nini, wanakula mara ngapi. Kanuni ya hifadhi inaweka ukomo wa mzigo wao kilo 20, na mizani ipo getini. Nguo zao hakuna mizani inayozipima. Tuwe sisi.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Disemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na Mwenge kileleni. Kwenda kuikumbuka siku hiyo huku tunamwachia Mtanzania mwenzetu baridi yetu, huo uhuru tunausherehekeaje?

Mwaka huu narudi. Koti la baba limeshafuliwa, liko juu kabisa ya begi. Sweta la sufu nimenunua mawili. Spika nauza, anayetaka anitafute.