Jiwe la Uani Lina Pembe Ngapi?

Juma lililopita, kwenye mkutano wetu wa akiba, mama mmoja alituambia kwamba binti yake wa darasa la sita hataki tena hesabu. Mwalimu aliandika ubaoni majina ya maumbo, yote kwa Kifaransa. Mtoto akarudi nyumbani kuuliza, mama akajibu: "Ngoja kaka yako arudi." Tulicheka, kisha tukanyamaza, maana wengi wetu tumeshatoa jibu hilo hilo.

Basi leo tunayatazama maumbo hayo. Polihedroni ni jina la Kigiriki, maana yake nyuso nyingi. Ni umbo lililofungwa pande zote kwa nyuso bapa. Nyuso mbili zinapokutana pana ukingo, na kingo zinapokutana pana pembe, ambayo vitabu huiita kipeo. Boksi la kiberiti ni polihedroni. Kopo la maziwa ya unga tunalopimia mchele siyo, kwa sababu ubavu wake ni wa mviringo. Hata Nyiragongo, ambao watoto huuchora kama piramidi, uko karibu zaidi na koni.

Aina ya kwanza mnaishika kila siku: mche wa sabuni. Vitabu vya hesabu vya Kiswahili vinatumia neno hilo hilo, mche, kwa umbo lenye nyuso mbili zinazolingana, moja kila mwisho. Kata mche wa sabuni vizuri upate kipande chenye pande zote sawa, huo ni mchemraba. Nyumba zetu za mbao nazo ni miche: ukuta wa mbele, pamoja na ile pembetatu ya chini ya paa, una pande tano, na ukuta wa nyuma ni hivyo hivyo. Piramidi ina kitako kimoja tu, na nyuso nyingine zote hupanda kukutana juu kwenye pembe moja.

Kuna pia yale ya heshima, ambayo nyuso zake zote ni sawasawa na kila pembe inafanana na mwenzake. Yapo matano tu: la nyuso 4, mchemraba wenye 6, la 8, la 12 na la 20. Kwa nini hakuna mengine? Kateni pembetatu za karatasi ngumu zenye pande sawa. Mkiunganisha tatu, nne au tano kwenye pembe moja, karatasi inainuka. Mkiweka sita, inalala chini kama mkeka, haifungi kitu. Kuona hivyo kwa mikono ni bora kuliko kukariri.

Sasa jambo lililotupendeza kuliko yote. Mswisi mmoja, Leonhard Euler, aliligundua mwaka 1750. Hesabu pembe, ongeza nyuso, toa kingo. Boksi la kiberiti: pembe 8, nyuso 6, kingo 12. Jibu ni 2. Piramidi ya kitako cha pande nne: 5 na 5, toa 8. Ni 2. Nyumba ya mbao: pembe 10, nyuso 7, kingo 15. Tena 2.

Tulidhani ni mchezo wa vitu vilivyonyooka. Lakini kati yetu wako wanaoponda mawe, na Goma haina upungufu wa mawe: volkeno ilituletea mwaka 2002, ikarudia 2021. Tukachukua jiwe moja la kujengea, lililochongwa kwa nyundo, nyuso zake hazilingani hata mbili. Tuliweka alama kwa chaki tusirudie. Mara ya kwanza tulipata 3, tukaanza kubishana. Yule binti wa darasa la sita, aliyekuja kumfuata mama yake, akaligeuza jiwe na kutuonyesha ukingo tuliouruka, huko chini. Tukahesabu upya: 2.

Mama yake hakusema kitu. Alichukua jiwe lingine, akampa chaki.

Juma lijalo tuleteeni maboksi matupu na makasi. Tutajaribu lile la nyuso 20, na tunawaonya mapema kwamba gundi itahitajika nyingi.