Mlango Usio na Bawabu

Kila Agosti jiji la Edinburgh hujisifu kwa tamasha la sanaa ambalo kila mtu anaruhusiwa kushiriki. Hakuna kamati inayochagua michezo. Hakuna mzee wa kusoma mswada wako na kukuuliza ujumbe wake ni nini. Ukipata ukumbi na kulipa ada, umo kwenye programu. Nimefanya mafunzo kwa vitendo huko kwa mwezi mzima, na nimerudi na ubishi mmoja: mlango usio na bawabu si lazima uwe wazi. Pengine bawabu ameondolewa kwa sababu bei peke yake inatosha kuzuia watu.

Nianze kwa kulipa tamasha hilo haki yake. Mwaka 1947, Edinburgh ilipoandaa tamasha lake la kwanza la kimataifa baada ya vita, vikundi vinane vya maigizo vilifika bila kualikwa. Vilijitafutia kumbi pembeni, vikacheza. Ndiyo asili ya jina Fringe, yaani pindo. Chama cha tamasha kilipoundwa mwaka 1958, kilikubaliana kwamba hakitachuja kazi ya mtu. Leo pindo limekuwa pana kuliko kanga yenyewe: maonyesho zaidi ya 3,000 na tiketi zaidi ya milioni 2, katika jiji la watu wapatao nusu milioni.

Mtu aliyetoka Afrika Mashariki hawezi kudharau historia hiyo. Mwaka 1977, wanakijiji wa Kamirithu nchini Kenya walijijengea jukwaa na kuigiza kwa Kigikuyu mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Serikali ikafuta kibali. Kabla mwaka haujaisha Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa kizuizini, na mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba mahali fulani duniani hakuna ofisi ya kuomba ruhusa ya kuigiza, namsikiliza kwa makini.

Lakini sasa tuhesabu.

Kikundi hulipa ada ya usajili, mamia ya pauni kwa onyesho la mwezi mzima. Kisha hukodi ukumbi, tena kwa saa. Onyesho la saa nane mchana likiisha saa tisa, waigizaji wana dakika kumi na tano za kuondoa meza, viti na damu ya bandia, maana wenzao wameshajipanga mlangoni. Na huo "ukumbi" unaweza kuwa darasa la chuo, chumba cha nyuma cha baa au ghala chini ya daraja. Kumbi nyingi hukata sehemu ya mapato ya tiketi, mara nyingi karibu asilimia 40, na nyingine hudai kiwango cha chini hata kama watazamaji walikuwa watatu. Bado hujalipa malazi, na Agosti ndipo kodi za Edinburgh hupanda kuliko mwezi wowote.

Ukiuliza kwa nini watu wanakubali, utasimuliwa habari za Tom Stoppard, ambaye tamthiliya yake Rosencrantz and Guildenstern Are Dead ilianzia hapo mwaka 1966. Utasimuliwa habari za Phoebe Waller-Bridge, aliyeigiza Fleabag hapo mwaka 2013 kabla dunia haijamjua. Hadithi hizo ni za kweli. Ila mshindi wa bahati nasibu ndiye hupigwa picha. Waliorudi kwao na deni hawana mtu wa kuwasimulia.

Sisi tuna methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nenda Royal Mile mwezi wa nane uone methali inavyokwama. Kizuri na kibaya vyote vinajitembeza, katika mvua ileile, vikimsihi mpita njia apokee kipeperushi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu asubuhi. Jioni nilikagua tiketi, usiku nikafagia.

Kampuni iliyonipokea sitaitaja, kwa kuwa haikuwa mbaya kuliko jirani zake. Nafasi yangu iliitwa fursa. Malipo yalikuwa fulana na kadi ya kutazama maonyesho bure. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa jembe siku ya kwanza, na wali nikajinunulia.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Visa ya mwanafunzi wa shahada ya uzamili Uingereza huruhusu kazi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na ukiwa unaandika tasnifu, kiangazi nacho ni wakati wa masomo. Kazi isiyolipwa nayo huhesabiwa. Maana yake, kila saa niliyoipa kampuni bure ilikuwa saa niliyokatazwa kisheria kuiuza kwingine. Kitanda changu, katika chumba cha watu wanne mtaa wa Leith, kiligharimu pauni 780, zaidi ya shilingi milioni 2 za Tanzania. Mama alizikopa vikoba.

Tulikuwa sita katika mafunzo hayo. Watano walikuwa na ndugu wa kuwalaza, wengine ndani ya jiji lenyewe. Si watu wabaya. Waligawana nami chakula chao mara nyingi. Lakini nani kati yetu atarudi mwakani? Na baada ya miaka kumi, nani watakuwa mameneja wa kumbi, wahariri na wakurugenzi? Hakuna kamati iliyowachagua, ila uchaguzi umeshafanyika.

Nilipouliza kuhusu posho, nilijibiwa kwa upole kwamba suala hilo linashughulikiwa polepole. Siku yangu ya mapumziko nilikwenda St Andrew Square, ambako Henry Dundas amesimama juu ya mnara mrefu. Mwaka 1792, hoja ya kukomesha biashara ya watumwa ilipofika bungeni London, Dundas alipendekeza liongezwe neno lenye maana hiyohiyo: polepole. Likaongezwa, na biashara ile haikupigwa marufuku hadi 1807. Wanahistoria bado wanabishana kuhusu nia yake. Sifananishi vipeperushi na minyororo. Huko kungekuwa kuwakosea adabu wafu. Nasema tu kwamba "polepole" mara nyingi ni neno la mtu asiyeumia. Marejesho ya vikoba hayaendi polepole.

Utasema: hukulazimishwa. Kweli. Lakini kujitolea kwa mwenye kitanda ni ukarimu, na kwa asiye nacho ni mkopo. Tamasha linalohitaji mikopo ya kina mama wa Dar es Salaam ili mtu apokelewe tiketi mlangoni halina haki ya kujiita wazi. Jiji lenyewe lilipata somo Agosti 2022, wazoa taka walipogoma katikati ya tamasha na mifuko ikafurika barabarani. Wageni wakaona sanaa inasimama juu ya mikono ya nani.

Dawa ipo, tena palepale. Mwaka 1996 mchekeshaji Peter Buckley Hill alianzisha Free Fringe. Msanii halipi ukumbi, mtazamaji halipi tiketi, na mwisho ndoo husimama mlangoni, kila mtu atoe anachoona kinafaa. Nilipoiona ndoo ile nilicheka peke yangu. Huku si ndiko kutunza? Kwenye taarabu mtu huinuka katikati ya wimbo, akacheza hadi mbele na kumtunza mwimbaji, ukumbi mzima ukishuhudia. Ndoo haimalizi tatizo, kwa sababu msanii bado anahitaji pa kulala. Lakini angalau haimdai kabla hajafungua mdomo.

Nayasema haya kwa sababu rafiki zangu Dar es Salaam wananiandikia: rudi, tuanzishe Fringe yetu. Nataka. Ila tuchukue nusu ya kwanza tu, ile ya kutoulizana vibali vya mawazo. Nusu ya pili tuiache Edinburgh. Tutumie shule zilizofungwa na kumbi za umma. Hesabu za kila ukumbi zibandikwe ukutani. Anayebeba viti alipwe nauli, chakula na posho, na bajeti isiyoweza kumlipa ipunguze maonyesho, isipunguze watu.

Wahenga waliliona hili bila kupanda ndege. Walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawakusema hulipishwa.