SEHEMU YA 3: Boila Siyo Kabati, Usimwachie Fundi wa Bei Poa

Mama zangu na dada zangu mlioko huku Uingereza, leo nitaongea kwa ukali kidogo. Mnivumilie, na ikibidi msomee na baba watoto.

Kila nikiingia kwenye makundi yetu naona picha za majiko mapya. Kabati za kijivu, taa za kuning'inia, hongera tele. Halafu mwenye nyumba anaandika: "Hapo ukutani palikuwa na boila inaharibu sura, tumeihamishia juu, haionekani kabisa!" Mtu anauliza nani kaihamisha. Jibu ni lile lile: "Kuna kijana wa kwetu, mzuri sana, bei poa, unamlipa mkononi."

Huyo kijana wa kwetu ndiye ninayetaka tumzungumzie.

Sina ugomvi naye. Inawezekana ni hodari wa vigae, wa rangi, hata wa mabomba ya maji. Lakini boila inachoma gesi ndani ya nyumba unamolala na mtoto. Sheria ya hapa iko wazi: anayefanya kazi ya gesi kwa malipo lazima awe kwenye Gas Safe Register, ile iliyochukua nafasi ya CORGI mwaka 2009. Asiyekuwemo anatenda kosa la jinai. Na msiniletee habari za "wazungu wanatubania". Wapo vijana wetu waliosoma, wakafanya mitihani, wana kadi mfukoni. Mbona hao hamuwapi kazi? Kwa sababu wanatoza pesa ya haki. Tuseme ukweli jamani.

Kadi yenyewe ina picha, namba na tarehe ya kuisha. Igeuze nyuma, maana huko ndiko zimeandikwa kazi anazoruhusiwa. Mtu anaweza kuwa na kadi ya kufunga jiko la gesi na asiruhusiwe kugusa boila. Huna haja ya kumwamini kwa macho, piga 0800 408 5500 uwatajie namba yake. Dakika tano tu. Akikasirika kwa kuulizwa kadi, umeshapata jibu lako.

Sasa mtaniuliza, kuhamisha tu kuna ubaya gani, si kukata bomba na kuunganisha?

Hapo ndipo penye kiini. Boila inapumua. Inavuta hewa na kutoa moshi kupitia bomba lililotoboa ukuta. Ukihamisha boila umehamisha na moshi, na moshi lazima ujue unaelekea wapi. Bomba linaweza kuishia karibu na dirisha la chumba cha mtoto. Linaweza kupita juu ya dari likiwa na maungio mawili matatu, kisha watu wa plasta wakafunika kila kitu bila kuacha vidirisha vya kukagulia. Ungio likiachia humo, nani atajua? Na kuna hili la kuongeza chumba nyuma ya nyumba: boila haijaguswa kabisa, ila ukuta mpya umejengwa mbele ya bomba la moshi, na bomba sasa linapulizia ndani ya sebule mpya. Fundi wa ujenzi hakuliona kwa sababu halikuwa kazi yake.

Na kabati? Boila nyingine huwezi kuifungia popote upendapo. Kila boila ina kitabu chake kinachosema iachiwe nafasi kiasi gani pembeni na mbele. Zile za zamani zinazovuta hewa kutoka chumbani ndizo hatari zaidi. Hizo bafuni hazitakiwi, na ukiziba tundu lao la hewa kwa mbao nzuri ya kijivu umeziba pumzi ya nyumba.

Kinachotoka moshi ukienda vibaya ni kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi. Nyie mnaijua, ila hamjui kwamba mnaijua. Ni ile ile ya jiko la mkaa lililoingizwa chumbani usiku wa baridi, milango ikafungwa, asubuhi watu hawakuamka. Nyumbani tunalia na kusema "mkaa umewaua". Huku mkaa umebadilika jina tu, umening'inizwa ukutani na una kioo kinachowaka namba.

Hapa sasa naongea kama nesi. Gesi hii inashika himoglobini kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, kichefuchefu, kizunguzungu, uchovu, mtoto analia hovyo na kutapika. Inafanana na mafua, ila mara nyingi homa hakuna. Dalili ya kushtukia ni hii: mnaumwa nyumba nzima, hata paka, na mkitoka nje mnapata nafuu. Mama mjamzito, wewe ndiye wa kuogopa zaidi, maana mtoto tumboni anaumia zaidi yako, na gesi inachelewa kumtoka.

Na hili mlikariri: kile kibanio tunachobana kidoleni kupima oksijeni HAKIWEZI kutofautisha. Kinaweza kuonyesha 98 na mtu anakufa. Tunahitaji kupima damu. Tena ukishatoka kwenye ile nyumba gesi inaanza kupungua mwilini, kwa hiyo ukifika hospitali baada ya saa nyingi kipimo kinaweza kuonekana safi. Ndiyo maana nawaomba, ukifika mapokezi taja jina: "Nahisi ni kaboni monoksidi." Usisubiri tubahatishe.

Mwaka 2006, watoto wawili wa Kiingereza, ndugu wa miaka 7 na 6, walikufa likizoni kwenye kisiwa cha Corfu, Ugiriki. Boila mbovu ilikuwa kwenye kibanda kilichopakana na chumba chao. Haikuwa hata chumbani.

Najua mtakachosema. "Fulani boila yake ilihamishwa hivyo hivyo na miaka mitatu wako salama." Sawa. Na kuna watu wanaendesha gari bila kumfunga mtoto mkanda na wanafika. Wewe mtoto wako humfungi?

Ukifunga boila mpya, fundi halali anaisajili, halmashauri inajulishwa ndani ya siku 30, na wewe unatumiwa cheti kwa posta. Siku ya kuuza nyumba wakili atakiuliza. Kijana wa kwetu atakupa nini? Namba ya simu ambayo haipatikani.

Wapangaji, msidhani hii haiwahusu. Mwenye nyumba anatakiwa kukagua gesi kila mwaka na kukupa karatasi. Hapa England, tangu 1 Oktoba 2022 anatakiwa pia kuweka alamu ya kaboni monoksidi kwenye chumba cha kuishi chenye boila. Akileta mtu kuihamisha mkiwa humo, muulize kadi kama vile nyumba ni yako. Kama una nyumba yako, nunua alamu leo, mita 1 hadi 3 kutoka kwenye boila. Haifikii bei ya wigi.

Halafu chagueni majira! Kazi hii ifanyike kati ya Mei na Septemba. Ukikata boila Januari, siku mbili zinakuwa kumi, mtoto mchanga anatetemeka, na wewe unawasha jiko la gesi upashe nyumba joto, au unaingiza jiko la nyama choma. Umerudi kwenye mkaa ule ule. Azima hita ya umeme, chumba cha mtoto kiwe nyuzi 16 hadi 20, inatosha.

Alamu ikilia au mkihisi dalili: fungua madirisha, zima boila, tokeni nje wote, piga 0800 111 999, ni bure na saa 24. Mtu akizimia, 999.

(Diploma yangu ni ya unesi, siyo ya mabomba. Ndiyo maana siwafundishi kufunga boila. Nawafundisha kukataa.)

Sehemu ya 4, Mungu akipenda, ni maji ya moto ya bafuni na watoto wanaoanza kusimama. Wenye picha za majiko yenu, angalieni bomba la moshi limetokea wapi kabla sijafika huko.