TIMU YA ZANZIBAR NA VIBARUA WETU



Leo twataka kusema juu ya mpira wa miguu, lakini msidhani ya kwamba tumeacha mambo ya Chama. Someni mpaka mwisho, ndipo mtajua tunakokwenda.

Mwezi wa Desemba 2017 kombe la CECAFA, yaani la nchi za Afrika Mashariki na Kati, lilichezwa hapa Kenya. Makundi yalikuwa Machakos na Kakamega, na nusu fainali zote mbili zililetwa Kisumu, Uwanja wa Moi. Siku ya Uganda na Zanzibar baadhi yetu tulitoka Awasi kwenda kutazama. Tulipanda matatu kupitia Ahero, kwa sababu mwaka ule garimoshi la abiria halikuwa likifika Kisumu. Lilirudi Desemba 2021. Watu wa reli kwenda kwa matatu ni aibu, lakini hayo tutayasema siku nyingine.

Kusema kweli, tulikwenda kuwatazama Waganda. Wao ndio waliokuwa wameshika kombe tangu 2015, na Januari ya mwaka ule walikuwa wamecheza Gabon katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Zanzibar tulijua karafuu tu. Hesabu ya watu ya 2012 ilionyesha Zanzibar ina watu milioni 1.3, Uganda hesabu ya 2014 ilipita milioni 34. Tuliona ni mchezo wa mtu mzima na mtoto.

Basi Zanzibar wakashinda 2-1. Tena hawakubahatisha. Katika kundi walikuwa wameshinda Rwanda 3-1, wakashinda ndugu zao wa Tanzania Bara 2-1, na sisi Kenya tukatoka nao sare bila bao. Siku mbili baada ya Kisumu walicheza fainali na Kenya kule Machakos. Kenya walitangulia, Zanzibar wakasawazisha dakika za mwisho. Katika muda wa nyongeza Kenya wakatangulia tena, Zanzibar wakasawazisha tena. Ikawa 2-2, na Kenya tukapata kombe kwa penalti 3-2. Tulishangilia, kwa maana kombe ni letu. Lakini wengi wetu tulirudi kazini tukiwasema Wazanzibari kuliko Wakenya.

Sasa yafaa mjue jambo ambalo wengi pale uwanjani hatukulijua. Timu ile siyo mwanachama wa FIFA, chama cha mpira cha dunia. Katika CAF, chama cha mpira cha Afrika, walikuwa kwa miaka mingi wanachama nusu: klabu zao zaruhusiwa kucheza mashindano ya Afrika, lakini katika mkutano hawana kura. Mwezi wa Machi 2017, katika mkutano wa Addis Ababa, CAF iliwakubali kuwa wanachama kamili, wa 55. Mwezi wa Julai mwaka ule ule wakanyang'anywa. Waliambiwa ya kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili, na Zanzibar ni sehemu ya Tanzania. Kwa hiyo watu tuliowaona Kisumu Desemba walikuwa wamepewa kiti na kuondolewa kitini kwa muda wa miezi minne. Hawakukaa nyumbani kununa. Walikuja wakacheza.

Na si wageni katika mchezo huu. Kombe hili lilianza mwaka 1926 kwa jina la Kombe la Gossage, kwa jina la mtengeneza sabuni, likichezwa na Kenya na Uganda. Tanganyika waliingia 1945, na Zanzibar 1949. Maana yake walikuwa wakicheza na sisi kabla ya Kenya kupata uhuru, na kabla Tanzania yenyewe haijazaliwa. Mwaka 1995 walilichukua kombe hili huko huko Uganda.

Wako wanaosema: Zanzibar wakipewa, kesho Mombasa wataomba, na kesho kutwa Kisumu. Neno hili si la kipumbavu. Lakini Uingereza, Skotlandi, Welsi na Ailandi ya Kaskazini ni dola moja, na FIFA yawapa vyama vinne na kura nne. Kwa hiyo sheria yenyewe ina mlango. Shida ni nani amefunguliwa. Mambo ya Muungano ni ya Watanzania wenyewe, wala sisi hatuingii. Twasema jambo moja tu: si haki mtu atoe jasho lote uwanjani, kisha mambo yake yakatwe mahali asipokuwa na sauti.

Ndugu, hapo ndipo tunapofika nyumbani.

Katika tawi letu tunao vibarua. Wanainua mataruma pamoja nasi, wanapiga kokoto pamoja nasi, mvua ikichukua tuta usiku wanaitwa kama sisi. Wanatoa mchango wa mwezi nusu ya wetu. Mkutanoni wanakaa nyuma. Wakati wa kura mwenye kiti husema, "Vibarua mtuache kidogo," nao hutoka nje wakasimama chini ya mti. Tumeliona jambo hili miaka na miaka, na sisi wenyewe hatukusema neno. Lakini siku ya kugoma huwa tunawaita ndugu, na wakikawia kujiunga twawaita wasaliti.

Twajua jibu la wazee wa tawi. Husema kibarua leo yupo, kesho hayupo, hawezi kukata shauri la mkataba wa miaka miwili. Twajibu hivi. Wako vibarua katika genge letu waliomaliza miaka sita, wakiandikwa na kufutwa kila baada ya miezi michache. Hawakuchagua kuwa watu wa leo na kesho. Wamefanywa hivyo na karatasi ya mwajiri. Je, Chama nacho kitumie karatasi ile ile kuwafukuza mlangoni? Tena mwajiri akijua ya kwamba nusu ya genge haina kura, atajua mahali pa kuanza kutugawanya.

Shauri letu ni hili. Kibarua aliyetimiza miezi sita ya kazi, hata kama si ya mfululizo, na atakayekubali kulipa mchango kamili, apewe kadi kamili na kura kamili. Na akiisha kupewa, asinyang'anywe kwa barua ya mtu mmoja, ila kwa mkutano mkuu.

Mkutano wa tawi ujao twaomba jambo hili liandikwe katika orodha ya mazungumzo. Na litakapozungumzwa, vibarua wasitolewe nje. Waketi, wasikie tunavyowasema.

Sisi wafanya kazi wa reli, Awasi.